Ng'ombe Aliyetoka Kule Juu

Siku vioo vya madirisha yetu vilipotetemeka kwa mara ya kwanza, Papa alikuwa na kijiko cha maharage mdomoni. Mlio ulitoka ng'ambo ya ziwa, upande wa Uvira, mzito, kama mtu ameangusha gunia la saruji kwenye nyumba ya jirani. Papa aliruka kidogo kwenye kiti, akajipiga goti kwa kiganja, akapaza sauti: "Amenipa ng'ombe!" Halafu akataja jina la rafiki yake, lote, la ubatizo na la ukoo.

Sahani ikaniponyoka. Si kwa ajili ya bomu. Bomu lilikuwa mbali, lilikuwa na maji yote yale ya kuvuka kabla ya kutufikia. Ni lile jina. Dirisha lilikuwa wazi, na nyuma ya ukuta wetu yule mama aliyekimbia kutoka Uvira na watoto wake alikuwa anaanika nguo. Papa yangu amelitangaza jina la mtu mkubwa wa kule juu kana kwamba anamwita mezani aje ale.

"Papa, shusha sauti!"

"Nimefanya nini?"

"Unataka watuchukue?"

"Nani atachukua mzee mwenye maharage kwenye shati?" akasema, akaendelea kula. Mimi nikabaki nimechutama, naokota vipande vya sahani.

Kiapo hicho nikieleze kabla sijaenda mbali. Watu wa kule juu, wakishtuka au wakitaka kusadikiwa, hutaja jina la mtu aliyewapa ng'ombe. Papa alikichukua utotoni kutoka kwa huyo rafiki yake, akawa anamtaja babu yake mwenyewe. Baadaye, rafiki alipompa ng'ombe wa kweli, jina likabadilika. Akijikwaa, ni hilo. Akisikia bei ya sukari, ni hilo. Kwa miaka mingi ilikuwa kichekesho cha nyumbani. Mama, alipokuwa hai, alikuwa anamwambia: "Siku ukifa, utamutaja yeye mbele ya Mungu."

Na "kule juu" ni nchi ya kaskazini. Jina lake kila mtu analijua, lakini nyumbani hatulitaji, na kazini kwangu pia, famasi moja ya Kinindo, hatulitaji. Mpaka umefungwa. Ukitaka kusema habari zake unanyoosha kidevu tu kuelekea milimani, na mwenzako anaelewa. Ndivyo tulivyo siku hizi.

Rafiki wa Papa alizaliwa hapahapa Bujumbura, wazazi wake wakiwa wakimbizi. Alisoma dawati moja na Papa. Walikuwa na jozi moja tu ya viatu vya mpira kati yao wawili, mmoja anavaa cha kulia, mwingine cha kushoto, na wote wawili walidai kuwa ndio waliofunga mabao. Watu wake waliporudi kwao, naye akaenda. Huko akapanda. Akawa mkubwa. Mkubwa wa nini, hatukuambiwa sawasawa. Papa alikuwa anasema tu, "Iko mu serikali," na mimi sikuuliza zaidi.

Mama alipofariki, mpaka ulikuwa umefunguliwa kwa muda. Papa aliacha kula. Mimi nilikuwa nimerudi nyumbani baada ya mume wangu kufa, kwa hiyo tulikuwa wajane wawili ndani ya nyumba moja ya Kinanira, tunatazamana. Nilimpikia uji, akaumwaga kwenye maua. Mwili ulikwisha kabisa, suruali inashikwa na kamba. Ndipo rafiki yake akaja kutoa pole, na nyuma ya gari lake kulikuwa na lori, na ndani ya lori mtamba wa pembe ndefu, macho makubwa, mpole.

Wanaume wote wa mtaa walitoka kumtazama. Papa alilia mbele za watu. Ng'ombe akapelekwa Ruziba kwa binamu yetu mwenye shamba, na alipozaa, maziwa yakaanza kupanda Kinanira kila Jumamosi kwenye kidumu cha njano. Papa akanywa. Kikombe kimoja, halafu viwili, halafu akaomba ugali. Ng'ombe yule ndiye aliyemrudisha mezani, sitakataa.

Lakini kwetu ng'ombe si kuku. Ukipewa ng'ombe, umekuwa mtu wa aliyekupa. Unakwenda kumshukuru kwa pombe na kwa maneno, mbele ya mashahidi. Kwa Kirundi tunaita kukura ubwatsi, kuondoa majani. Rafiki alirudi kwa shughuli hiyo, tukaketi wote barazani na pombe ya ndizi. Papa akasimama na fimbo yake, akasema kama inavyosemwa: "Lango langu halina kufuli kwako, wala kwa mtu wako. Akija, sitamuuliza anatoka wapi, wala anaenda wapi." Watu wakapiga makofi. Nami nilipiga, tena kwa nguvu.

Baraza letu linaangalia ziwa. Kinanira iko juu ya mteremko, na sisi tuko kwenye ukingo wake. Unaona paa za Kinindo, unaona bandari, pwani yote hadi Ruziba, na ng'ambo unaona Uvira na milima yake. Rafiki alikaa na mrija wake mdomoni, akatazama muda mrefu.

"Uko na bahati, ndugu yangu," akasema. "Hapa unaona kila kitu."

Papa akafurahi kama kasifiwa mtoto.

Papa alikuwa mwalimu wa jiografia. Sebuleni kwetu inaning'inia ramani ya shule ya zamani, kitambaa kimepasuka pembeni, shule ilitaka kuitupa akaiokoa. Vita vya ng'ambo vilipoanza kusogea, kila jioni redio ikitaja mji, anainuka na fimbo yake, anautafuta. Mimi nilikuwa namfuata kwa hofu, yeye alikuwa ananifundisha.

"Angalia," ananiambia. "Ile inchi ya kule juu ni kidogo. Watu ni wengi, jeshi iko na nguvu, barabara ni safi. Inataka kukua na haina pa kukulia. Kwa hiyo inatazama jirani. Huku kuna madini, inataka yapite kwake. Huku kuna mashamba. Huku kuna maadui zake wamejificha, inataka kuwafuata mpaka chumbani. Huku kuna bandari. Mutu wa namna hiyo hawezi kulala kama hajui nani anapita mu njia ya jirani."

"Na sisi tunataka nini huko ng'ambo? Si tumetuma watoto wetu pia wakapigane?"

"Sisi tunataka isitufikie."

"Na itatufikia?"

Alishusha fimbo. "Sisi tuko njiani," akasema.

Sikulala vizuri tangu hapo. Na ajabu ni kwamba mzee huyo huyo, aliyeweza kunionyesha tamaa ya nchi nzima kwa ncha ya fimbo, hakuwahi hata mara moja kuuliza rafiki yake anakula wapi na anafanyia nani kazi. Huyo alikuwa kiatu cha kulia. Basi.

Simu ilipigwa wiki ileile ya sahani. Papa hasikii vizuri, kwa hiyo simu yake husema kwa spika, kila mtu anasikia.

"Ndugu yangu! Ng'ombe wetu anaendeleaje?"

"Anazaa tu! Amenipa ng'ombe!" Papa anacheka, anataja jina, mimi nakimbia kufunga madirisha.

"Kuna kijana wangu atapita huko, mambo ya biashara. Hoteli sizipendi. Atapumzika kwako kidogo."

Nilisimama mbele ya Papa, nikatikisa kichwa, nikatikisa mikono, nikakata shingo yangu kwa kidole ili aelewe. Alinitazama vizuri kabisa. Halafu akasema, "Lango langu unalijua."

Alipokata simu nilimrukia. Sina subira, na siku hiyo sikutafuta.

"Mpaka umefungwa! Huyo kijana anapita wapi?"

"Atazungukia Tanzania, kama wote."

"Na akionekana hapa? Papa, yule mutu wa vipuri vya redio, kule chini, si alichukuliwa kwa sababu tu alikuwa anaongea na shemeji yake wa kule? Walikuja na gari, mchana, akapanda na ndala. Bibi yake mpaka leo anazunguka anauliza. We utazungukiwa na nani? Na mimi!"

"Mi nilitoa neno mbele ya watu."

"Neno la pombe!"

"Apana." Alinyoosha kidole. "Siku mi nilikuwa nataka kufa, nani alinirudisha?"

Ningeweza kusema ni mimi, na uji wangu uliokuwa kwenye maua. Lakini alikuwa anasema kweli, na nilikuwa naogopa kulia. Nilikuwa nimezika mume na mama. Sikuwa na mtu mwingine wa kupoteza ila huyu mzee mkaidi, na alikuwa amekwisha kusema ndiyo.

Mgeni alikuja Jumapili, baada ya misa, wakati wa chakula. Nilikuwa nimejiandaa kwa mtu mnene mwenye miwani myeusi. Alikuja mtu mwembamba wa makamo, shati jeupe, heshima nyingi, anainama kwa Papa kwa mikono miwili. Mvua ilikuwa imenyesha tangu alfajiri na njia yetu yote ni matope. Viatu vyake havikuwa na hata tone. Nilivitazama viatu hivyo kuliko nilivyotazama uso wake.

"Shikamoo Mzee. Dada, hamjambo." Kiswahili chake kilikuwa safi, kimepigwa pasi, kama cha redio. Akanipa zawadi, pakiti ya majani ya chai. Ayiwe! Jina la nchi ya kule juu lilikuwa limeandikwa juu yake kwa herufi kubwa, pamoja na picha ya milima yao. Nilishukuru, nikaenda nyuma, nikaichana na kuitia yote kwenye mbabula, chini ya makaa. Moshi ulinukia vizuri kweli, ukapita juu ya ukuta kwa mama wa Uvira. Nikasimama hapo napepea kwa kitenge kama mwendawazimu, naona harufu yenyewe inatusema.

Mgeni alisali kabla ya kula. Alisifu samaki wangu wa mukeke, alikula mpaka mifupa. Kisha akaenda barazani, akaketi kwenye kiti cha Papa, na hakuinuka tena mpaka jua lilipoanza kushuka.

Kwa desturi hatukuruhusiwa kumuuliza kitu. Yeye aliuliza. Barabara ile pale inaunganika na ipi? Wavuvi wa Ruziba hutoka saa ngapi? Yale magari meupe ya Kinindo ni ya nani, na zile nyumba zenye ulinzi? Meli ile kubwa iko bandarini tangu lini? Aliuliza taratibu, kama mtu asiye na haraka, akichokonoa meno.

Na Papa, Mungu amsamehe, alikuwa amepata mwanafunzi. Tangu astaafu hakuna aliyemuuliza jambo la jiografia ila mimi, nami nauliza kwa hofu. Akachukua fimbo yake. Akaeleza bandari, akaeleza mito inaingia wapi, mahali barabara inapojaa maji wakati wa masika, mahali pepo za ziwa zinapopiga. Macho yake yaling'aa. Nilipitapita na vikombe, nikamkanyaga mguu mara kadhaa. "Unaniumiza," akasema kwa sauti, na mgeni akatabasamu bila kunitazama.

Ndipo lango likagongwa. Alikuwa mkuu wa nyumba kumi, mzee mpole mwenye kofia, tunayemjua tangu zamani. Alikuja na mwavuli wake, akauegemeza ukutani, akaketi.

"Nimeambiwa muko na mugeni," akasema. "Mwajua vile siku hizi iko. Mi lazima nipite."

Niliificha mikono ndani ya kitenge. Papa akafungua kinywa, na naamini kabisa alikuwa anataka kusema kweli, maana hajui kusema kingine. Mgeni alimtangulia.

"Mimi nimetoka Dar es Salaam, Mzee. Natafuta soko la mchele. Huyu mzee ni rafiki wa marehemu baba yangu."

Alisema kwa urahisi, kama anayeomba chumvi. Mkuu wa nyumba kumi akamtazama, akatutazama sisi. Papa alikuwa ameshika glasi katikati ya safari, haipandi wala haishuki. Huyo mtu alikuwa amedanganya chini ya paa letu, na uongo wake sasa ulikuwa umekaa na sisi wote, ukitusubiri tuuunge mkono au tuukane. Nilihesabu moyoni nini kitatokea Papa akikana. Kisha nini kitatokea asipokana.

Papa akanywa. "Mchele wa Tanzania ni mzuri," akasema.

"Karibu Burundi," mkuu wa nyumba kumi akamwambia mgeni, akakubali bia moja, akazungumzia foleni ya mafuta, akaenda zake. Alisahau mwavuli. Nilimkimbilia nao hadi njiani, na alipoupokea alinishika mkono kidogo, akauona unavyotetemeka. "We uko na malaria?" akauliza. Nikasema ndiyo.

Mgeni aliondoka asubuhi yake, akashukuru kwa mikono miwili tena. Nilikuwa nimejitayarisha kumshambulia Papa, nikashindwa. Alikaa na kuzungusha fimbo kati ya viganja, na maziwa yake ya Jumamosi yalikuwa mezani yanaganda.

"Pengine kweli anauza mchele," nilimwambia mwishowe. Mimi ndiye niliyekuwa namfariji!

"Muuza mchele hakuuliza bei ya mchele," Papa akajibu.

Tukaanza kusikiliza magari. Kila gari lililopunguza mwendo mbele ya lango la lupango letu lilinisimamisha kitandani, mezani, bafuni. Nilimwambia Papa twende tukaseme wenyewe kabla hatujasemwa. Akaniuliza tutaanzia wapi: kwamba mgeni alilala hapa, au kwamba mkuu wa nyumba kumi alidanganywa tukiwa tumeketi? Tukimaliza kueleza, nani atatufungulia mlango tutoke? Ng'ambo iliendelea kulia, na mama wa Uvira alikuwa hatoki tena kuanika nguo. Kila kishindo kilikuwa kinaangukia kwao.

Simu ikaja tena, mchana, tukiwa tunakula.

"Ndugu yangu! Kijana amefurahi sana. Anasema baraza lako halina mfano. Atarudi na wenzake wawili na vyombo vyao. Safari hii watakaa zaidi kidogo."

Papa alifuta mdomo wake vizuri kabla ya kujibu. "Vyombo gani?" akauliza.

Nilisikia mtu anapumua upande wa pili.

"Tangu lini," ile sauti ikasema polepole, "tangu lini wewe unaniuliza?"

Papa aliiweka simu mezani ikiwa bado wazi, akainuka, akaenda kwenye ramani. Nilidhani amechanganyikiwa. Akaweka kidole juu ya Bukavu. "Huku alimupa ng'ombe mutu mwenye nyumba karibu na daraja," akasema. "Aliniambia yeye mwenyewe, nikamusifu." Kidole kikashuka. "Huku kwenye milima, mwenye duka penye njia panda. Alinionyesha picha ya ndama." Kikafika Uvira. "Hapa, mjane mmoja, karibu na bandari. Nikasema, angalia mutu mwenye roho nzuri, anakumbuka wajane." Kikavuka ziwa, kikafika kwetu. Hakukiondoa hapo.

"Sisi tuko njiani," akasema.

Alirudi mezani, akainama juu ya simu. Sauti yake ilikuwa ya darasani.

"Tuma mutu Ruziba achukue ng'ombe yako. Yeye na watoto wake wote."

Kwa asiye wa kwetu hilo ni neno la biashara. Kwetu ni afadhali ungemtemea mtu mate usoni mbele ya mama yake. Nilishika mdomo. Rafiki alicheka kwanza, akadhani ni utani wa uzee. Kisha akaelewa.

"Na maziwa uliyokunywa?" akauliza. "Hayo utayarudisha namna gani?"

Midomo ya Papa ilikuwa inachezacheza kama ya mtoto anayetaka kulia.

"Wageni wangu watakuja," rafiki akasema. "Lango nalijua." Akakata.

Hakuja mtu kuchukua ng'ombe. Binamu bado anatuma kidumu cha njano kila Jumamosi. Papa hakigusi, nampa mama wa Uvira kwa ajili ya watoto wake, naye ananibariki, na kila baraka yake inanichoma. Sijamwambia maziwa hayo yanatoka wapi.

Papa alitafuta fundi. Nilidhani anataka kuongeza ukuta wa njiani, kumbe apana, alitaka matofali yapangwe barazani, upande wa ziwa, kutoka pembe hadi pembe. Fundi alimuuliza mara mbili kama amesikia vizuri. Watu Kinanira wanajenga ghorofa ili walione ziwa, na mzee huyu analifunika! Majirani walipita wakicheka. Mkuu wa nyumba kumi naye alipita, akasimama, akatazama kazi, akanitazama na mimi.

"Upepo wa ziwa unanikohoza," Papa akamwambia.

"Aa. Kweli upepo si muzuri," yule akasema, na hakucheka.

Ukuta ulipita kiuno, ukapita macho, ukapita kichwa cha mtu mrefu. Paa za Kinindo zikaondoka, bandari ikaondoka, halafu Uvira. Sebule ikawa giza, tunawasha taa mchana umeme ukiwepo. Papa amehamisha kiti chake, anakaa hatua chache kutoka kwenye matofali, anayatazama. Nilimuuliza siku moja kama kweli anadhani watu wa namna ile watazuiwa na ukuta wa baraza.

"Waje waone matofali," akasema. "Nami nilikuwa na neno gani lingine la kuwaambia?"

Hawajaja bado. Usingizi wangu ni wa kuku. Na jambo ambalo hatukulifikiria ni hili: zamani mlio ukitokea, tulitoka barazani, tukaona moshi uko wapi, na Papa akaniambia, bado ni mbali, iko nyuma ya mlima ule. Sasa tunasikia tu. Hatujui tena kama umesogea.

Jana tulikuwa tunakula. Maharage, kama siku ile. Kishindo kikaja, kikubwa kuliko vyote nilivyosikia, vioo vikalia, vumbi la saruji likamwagika kutoka ukutani. Papa aliruka, akajipiga goti kwa kiganja.

"Ame..." akasema.

Akabaki kinywa wazi, mkono gotini. Nilimngoja amalize, nilitamani amalize, hata mtaa mzima usikie.

"Mungu wangu," akasema Papa, kama mtu mwingine yeyote, na akaendelea kutazama matofali.